Usiku wa Kuamkia Safari ya Butiama

Wanachama wapenzi,

Tangu tuvuke bahari kutoka Mkoani simu ya ofisi haikupumzika. Huyu auliza vijana wamefika salama? Huyu auliza baiskeli hazikuvunjika garini? Na wengi, wala hatuwalaumu, wauliza fedha zetu zitahesabiwa namna gani na nani atazishika. Tumeona si vyema kumjibu kila mmoja peke yake, huyu akajua na mwenzake asijue. Basi haya ndiyo majibu yetu kwa wote. Tunayaandika Bunda, katika Mkoa wa Mara, usiku huu ambao asubuhi yake, Mungu akipenda, watu wetu watapanda baiskeli kuelekea Butiama.

Tutaeleza mazuri na yasiyo mazuri. Lipo jambo moja ambalo lahitaji jawabu lenu, nalo tutalifikia mahali pake. Tunaomba msiruke mistari kwenda kulitafuta, maana bila ya kujua yaliyotangulia hamtaweza kutuhukumu kwa haki.

SAFARI YENYEWE

Wako wanachama ambao hawakuhudhuria mkutano mkuu, kwa hivyo turudie kwa ufupi. Tangu mwaka 2019 wapanda baiskeli wa Tanzania wamekuwa wakifunga safari kutoka Dar es Salaam mpaka Butiama, mahali alipozaliwa na alipozikwa Mwalimu Julius Nyerere. Safari hiyo huitwa Twende Butiama. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, mkoa baada ya mkoa, wa siku nyingi. Haya si mashindano ya kutafuta kikombe. Ni msafara: watu hutoka pamoja na hufika pamoja, na njiani hufanya kazi za kheri za namna tatu, yaani elimu, afya na mazingira. Madawati hupelekwa maskulini, wagonjwa hupimwa, na miti hupandwa. Makampuni makubwa huchangia, na watu wadogo kama sisi nao hawakatazwi.

Chama chetu hakikuweza kupeleka watu safari nzima, maana mwenye mikarafuu haiachi siku nyingi akarudi akaikuta kama alivyoiacha. Tukakata shauri kwamba watu sita waungane na msafara mwishoni, kutoka Bunda mpaka Butiama, kilomita 40 na kitu. Ni kidogo, lakini ni kidogo chetu.

Kisha kila mwanachama aliyependa aliandika ahadi katika daftari ya ofisi, shilingi kadha wa kadha kwa kila kilomita. Wako walioandika mia, wako walioandika mia mbili, na wachache wenye uwezo wameandika elfu. Fedha zitakazopatikana zitagawiwa mafungu mawili yaliyo sawa. Fungu la kwanza litaingia katika madawati na miti ya msafara. La pili litarudi kisiwani katika mfuko wetu wa walioanguka mikarafuu.

Hatuna haja ya kumweleza mkulima wa karafuu maana ya mfuko huo. Mkarafuu hupanda futi 40 na zaidi, na kichumwacho ni kitumba kabla hakijafunua ua, nacho huota kwenye ncha za matawi, pale penye wembamba. Tawi la mkarafuu halimwonyi mtu, likichoka hukatika. Hapana msimu unaopita bila ya sisi kusikia kuwa fulani ameanguka. Wenzake humbeba, humpeleka hospitali, humpa pole, na baada ya mwezi kila mtu yuko katika jamvi lake akianika, na yeye yuko kitandani akihesabu maboriti ya dari. Huyo ndiye tunayempandia baiskeli.

Katika mkutano ule palitokea hoja ya namna ya kuhesabu kilomita. Wengine walitaka ihesabiwe ya mtu wa mbele. Bibi mmoja wa Wingwi akasimama akasema: “Mkihesabu wa mbele mtatupelekea mtu mmoja mwenye mbio na watano wa kumtazama. Hesabuni wa nyuma.” Mkutano ukacheka, kisha ukakubali. Ndiyo maana daftari imeandikwa hivi: ahadi italipwa kwa kilomita atakazofika mtu wa mwisho katika sita. Tafadhali yashikeni maneno hayo, maana ndiyo yatakayotuletea shida huko mbele.

MJI WA MUSOMA

Tulifika Musoma usiku, tumechoka, na baiskeli zimefungwa juu ya basi kama mbuzi wa Idi. Asubuhi tulipotoka nje tuliona maji, na wote tukanyamaza. Mji umekaa juu ya rasi iliyoingia katika Ziwa Victoria, na mtu wa kisiwani haoni ugeni pale. Kijana wetu wa Kengeja, mvuvi na mtoto wa mvuvi, alikwenda mpaka Mwigobero wanapofikia wenye mashua, akateka maji kwa kiganja akaonja, akarudi akicheka kwamba wenzetu wamepewa bahari isiyo na chumvi. Sato tumekula, dagaa tumekula, na uji wa ulezi tumeuzoea hata tunauulizia.

Lakini ziwa hili, ijapokuwa kwa macho ni kama bahari, liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Butiama ni juu zaidi. Kwetu mtu akiendesha baiskeli hurowa jasho akajua kuwa anahitaji maji. Huku hewa ni kavu na upepo hulikausha jasho kabla halijaonekana, basi mtu hudhani bado yu mzima kumbe ameshakauka. Siku ya kwanza wawili waliumwa na kichwa kwa sababu hiyo. Tangu hapo tumeweka kanuni kwamba maji hunywewa kwa saa, si kwa kiu.

Tulipita pia skuli ya Mwisenge. Hapo ndipo Mwalimu aliposoma tangu mwaka 1934, naye ana miaka 12, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Kutoka kwao Butiama mpaka hapo ni zaidi ya kilomita 40, na mtoto yule alikwenda kwa miguu. Kijana wetu wa Ole, ambaye siku mbili nzima alikuwa akilalamika juu ya kiti cha baiskeli yake, alisikia hayo akatazama chini, na tangu siku ile hatukumsikia tena na kiti.

Na si utotoni tu. Mwezi wa Oktoba 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, Mwalimu akiwa Rais alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza kwenye mkutano wa TANU, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Njia aliyokwenda ni upande huu huu wa Bunda, ila yeye alikuwa akiteremka kwenda Mwanza na sisi tunapanda kwenda kwake.

BAISKELI ZETU

Baiskeli sita tulizokuja nazo hazikuwa sawa. Tatu ni zile nzito za kazi tuzijuazo sote, zenye karia ya chuma, zilizokwisha kubeba magunia ya karafuu mpaka kituoni mara zisizo hesabu. Tatu ni za gia, tulizozinunua mkono wa pili. Mipira ya zile za gia ilinunuliwa duka moja la mjini, nasi tuliambiwa kuwa ni mipya.

Tulizipeleka kwa fundi mmoja wa Nyasho. Ni mtu wa makamo, haongei sana. Alizigeuza juu chini moja baada ya moja, akazungusha ringi, akagonga njiti kwa kucha kama mtu anayejaribu nazi, kisha akamwita kijana wetu wa Konde akamwambia: “Mura, njoo uone.” Huku “mura” ni namna ya kumwita kijana wa kiume, nayo ina heshima na ukali pamoja. Akaukunja mpira ule tulioambiwa mpya, na ndani ya mikunjo tukaona nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka. Mpira ulikuwa mpya kwa kuwa haujatembea, lakini ulikuwa mzee kwa kukaa.

Akatueleza na jambo la pili. Njia za huku zina miba ya migunga. Upepo huiangusha na magari huitawanya pembeni mwa lami, hapo hapo anapopita mwenye baiskeli. Mwiba wa mgunga haupasui. Huingia taratibu, ukatoa pumzi kidogo kidogo, na mtu hudhani ni yeye anayechoka. Kwa hivyo kila tunaposimama, kila mmoja sharti apitishe kitambaa juu ya mpira wake wote. Kitambaa kikinasa, mwiba upo.

Mipira minne tumebadili. Katika gari ya mizigo tumeweka mipira ya ndani minane, viraka na gundi yake, pampu mbili, mnyororo mmoja wa akiba, nyaya za breki na spana. Gharama yake imo katika hesabu, na risiti zote tutakuja nazo. Yule fundi kwa kuzitazama baiskeli hakutaka kitu. Alitaka ujira wa kutengeneza tu. Tukamwachia kifuko cha karafuu kavu, akanusa, akauliza kama ni dawa ya meno. Tukamwambia ni dawa ya meno, na pilau, na ada za skuli za watoto wetu.

JARIBIO LA BUTIAMA

Siku ya tatu tulifanya jaribio kutoka Musoma mpaka Butiama. Njia kuu inayotoka Musoma ni hiyo hiyo iendayo Bunda na Mwanza. Butiama iko kando yake, upande wa mashariki. Tulipanga kutoka baada ya sala ya alfajiri, mstari mmoja, mkono wa kushoto, wala asitangulie mtu.

Mpango huo ulidumu kilomita kumi. Kilima cha kwanza kilipoonekana, kijana wa Konde na kijana wa Mkoani, ambao wana miguu na baiskeli za gia, walisimama juu ya pedeli wakaenda. Hatuwezi kusema kuwa walifanya uadui. Ni vijana, njia ilikuwa nyeupe, na watoto wa skuli walikuwa kando ya njia wakiwashangilia. Walifika Butiama mapema, wakanawa, wakala, wakalala chini ya mti. Wa kati wakafika. Mzee wetu wa Mtambwe, mwenye umri wa miaka 54 na baiskeli ya karia, alifika baada ya saa moja na robo, peke yake, midomo imepauka na chupa ya maji tupu.

Hakusema neno. Alisimamisha baiskeli, akaketi, akanywa. Kisha akawauliza wale wawili kwa upole: “Wanangu, mnapochuma, nyinyi mlio juu mkishamaliza tawi lenu, hushuka mkaenda zenu na kumwacha aliye chini na pakacha?” Hawakujibu. Kijana wa Mkoani alichukua chupa ya mzee akaenda kuijaza, na tukaona kuwa yametosha.

Jioni ile tulikaa tukapanga upya, na mpango huu ndio tutakaokwenda nao kesho. Atanguliaye hukata upepo. Anayemfuata kwa karibu hupata kivuli cha upepo ule na nguvu zake hupona. Hilo wapanda baiskeli wa dunia nzima wanalijua, na sisi tumelijua kwa kuumia. Basi wenye nguvu watakaa mbele, wakibadilishana kila baada ya kilomita mbili. Mzee wa Mtambwe atakuwa wa pili daima, nyuma ya yule anayekata upepo. Mwendo utakuwa wake. Akipiga kengele mara moja, wa mbele hupunguza. Akipiga mara mbili, wote husimama. Kijana wa Konde alinung'unika kidogo kwamba huo ni mwendo wa arusi. Tukamwambia ndiyo, na bwana arusi ni yule wa mwisho, maana kwa miguu yake ndiyo tutalipwa.

Tunamkumbusha kila mwanachama kuwa jambo hili si geni kwetu. Gunia la karafuu likitiwa kiganja kimoja kisichokauka, huingiwa na ukungu lote, na mnunuzi hulipima kwa kile kiganja kibaya, si kwa pishi zilizo nzuri.

MWITONGO

Kabla ya kurudi Musoma tulikwenda Mwitongo, penye nyumba na kaburi la Mwalimu. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akaletwa kuzikwa hapa kwao tarehe 23 ya mwezi ule ule. Mahali penyewe pana majabali makubwa yaliyopandana, na miti, na utulivu. Wazazi wake pia wamezikwa hapo. Karibu yapo makumbusho yenye jina lake, na vitu vyake vya kazi na vya nyumbani.

Tulisimama kaburini, kila mtu na dua yake. Sisi tuna yetu ya kuzungumza juu ya mambo ya zamani ya visiwa na bara, na si siri kwamba si wote wenye mawazo mamoja. Walakini hapana aliyekuwa na neno juu ya mtu aliyetoka hapa akiwa mtoto wa miaka 12 kwenda kutafuta elimu kwa miguu, na aliporudi mara ya mwisho akarudi katika ardhi ile ile.

JAMBO LINALOHITAJI JAWABU LENU

Sasa tumefika. Siku ya pili yake, kijana wetu wa Mzambarauni aliamka na goti limevimba. Alikuwa ameshaumia kidogo nyumbani, akaficha, na jaribio la Butiama likamaliza kazi. Tulimpeleka hospitali mjini Musoma, daktari akamtazama vizuri, akasema si jambo la kutisha, lakini asipande baiskeli wiki tatu. Akipanda, huenda likawa jambo la maisha.

Wanachama wengi wanamjua kijana huyu. Baba yake aliangukia mgongo, na tangu siku hiyo hakupanda tena mkarafuu. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujiandikisha katika sita. Alipoambiwa asipande alilia, naye si mtu wa kulia. Akatuomba tumfunge goti kwa kitambaa aende hivyo hivyo, kilomita 40 si kitu. Akatukumbusha maneno ya daftari: mtu wa mwisho katika sita. Asipopanda yeye, wa mwisho katika sita atakuwa amekwenda kilomita sifuri, na ahadi zote ni sifuri.

Maneno hayo ni ya kweli kwa herufi. Hapo tukaanza kuvutana. Mmoja wetu, hatutamtaja, alisema apande kilomita ya kwanza, apakiwe garini, ashushwe karibu na Butiama aingie na wenzake. Picha zitapigwa, wala hapana atakayejua. Mwingine akasema achukuliwe kijana mwingine wa papa hapa Musoma avae fulana yetu, watimie sita.

Tulinyamaza kitambo. Kisha mzee wa Mtambwe akamwuliza kijana: “Baba yako siku aliyoanguka, alikuwa mzima?” Kijana akasema la, mkono ulikuwa umeteguka tangu juzi yake, lakini alipanda, hakutaka wenziwe wamwone mvivu. Mzee akasema: “Basi sisi tunachanga fedha kwa ajili ya jambo lile lile unalotaka kulifanya.” Akaongeza kuwa mwaka 1967, katika yale matembezi ya kuunga mkono Azimio, alikuwapo kijana Seti Benjamin aliyetoka Arusha kwenda Dar es Salaam kwa miguu akafia njiani; taifa lilimheshimu, na jina lake limebaki, lakini mama yake hakurudishiwa mtoto.

Kijana akanyamaza muda, kisha akafungua mwenyewe kile kitambaa alichokwisha kujifunga. Hapana aliyemwamuru. Na lile shauri la picha na lile la fulana hayakutajwa tena.

Basi, wanachama, hali ndiyo hii. Tulitoka sita, kesho watapanda watano. Kwa maneno ya daftari hamna deni la hata senti moja. Tungeweza kunyamaza mpaka tukarudi, lakini fedha ya kheri iliyopatikana kwa kufichana ni afadhali isipatikane. Kwa hivyo tumekata shauri hivi: hapana ahadi itakayokusanywa mpaka mwenye kuahidi aje ofisini, au apige simu, aseme moja katika matatu. Ama ahadi yake ibaki, ihesabiwe kwa mtu wa mwisho katika watano. Ama aipunguze kwa fungu moja katika sita. Ama aifute. Atakayefuta hatachukiwa wala hatasemwa, na jina lake halitabandikwa mahali.

HAPA BUNDA

Leo tumekuja Bunda kutoka Musoma, karibu kilomita 70. Tulikuja polepole, watano juu ya baiskeli, na wote waliingia mjini pamoja. Bunda ni mji wa njia kuu: malori yaendayo mpakani Sirari hupita mchana na usiku, na mabasi yake hayana subira. Mbuga ya Serengeti haiko mbali. Lango la Ndabaka liko njia ya Mwanza. Kwa hivyo kesho kila mmoja atavaa fulana ya kung'aa, hatatoka nje ya mstari wa pembeni, wala hatapanda akiwa na simu sikioni.

Gari ya kukodi itafuata nyuma, taa zikiwaka. Ndani yake atakaa kijana wa Mzambarauni, goti lake juu ya gunia, na kazi yake si ya kupewa kwa huruma. Maji yote yako kwake, na dawa, na mipira ya akiba. Tena daftari ya kilomita tumemkabidhi yeye: ataandika kila kilomita ambayo mtu wa mwisho ameivuka, na saa yake, na atatia sahihi. Hapana katika sisi mwenye macho makali zaidi kwa mtu wa mwisho kuliko yeye.

Wakati huu tunapoandika, baiskeli tano zimeegemezwa ukutani, mipira imekwisha pimwa, chupa zimejazwa. Tende na ndizi zimo mifukoni. Mzee wa Mtambwe amelala tangu baada ya sala ya isha. Kijana wa Konde bado anapiga kitambaa juu ya mpira wake, mara ya tatu sasa, akitafuta mwiba ambao haupo. Baiskeli ya sita tumeilaza garini. Hatukutaka kuiacha peke yake.

TUNAYOYATAKA KWENU

Kwanza, tuombeeni dua.

Pili, kila aliyeandika ahadi asikawie kutuletea neno lake juu ya mambo matatu tuliyoyataja. Msaidizi wetu yuko ofisini kila siku, asubuhi mpaka adhuhuri, isipokuwa Ijumaa.

Tatu, hesabu yote ya safari, yaani nauli za meli na basi, malazi, fundi, gari na chakula, itabandikwa mlangoni mwa ofisi pamoja na risiti zake wiki moja baada ya kurudi kwetu. Asiyejua kusoma aje asomewe. Mwenye shaka aje aulize mbele za watu. Hilo si kosa, ni haki yake.

Nne, na hili tunaliweka mwisho ili libaki kichwani. Msimu ukifungua, kabla hamjampandisha mtu juu ya mkarafuu, mwulizeni kama mkono wake mzima na goti lake zima. Akisema ni mzima, mtazameni mara ya pili. Mpeni kazi ya kuokota, ya kuchambua, ya kuanika, na muiite kazi, msiiite msaada. Mfuko wetu ni mzuri, lakini mfuko bora ni ule usiofunguliwa.

Saa zimekwenda, na alfajiri ya huku haichelewi. Inshallah toleo lijalo tutawaarifu mtu wa mwisho alifika kilomita ya ngapi.

Wassalaam,
Katibu wa Chama